Gari Lilienda Nyumbani

Watu wa Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, wakitaka kumsema Sista Phelista siku hizi wanashusha sauti nikipita. Wanaujua mdomo wangu. Wengi wao ni hao hao aliowazalisha wakiwa wamelala kwa magodoro yao wenyewe, chai ikichemka kando, na leo wanamwita yule mama aliyeua mtu. Basi mimi Nabwile muuza mahindi, niliyepanga naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, nitasema vile mambo yalikuwa. Asiyetaka kusikia akanunue mahindi kwingine.

Phelista alikuwa nesi na mkunga wa kusomea, mwenye cheti na leseni, si hawa wa kupapasa tumbo na kutema mate. Alifanya kazi miaka mingi katika hospitali moja ya serikali upande wa Bungoma. Mume wake alikuwa mwalimu, akafa. Shemeji zake wakasema arithiwe na mdogo wa marehemu, kijana aliyekuwa anakunywa busaa tangu asubuhi. Akakataa. Basi wakamwambia sawa, mke asiye na mume hapa hana jiko, na kesho yake akakuta vyombo vyake vimemwagwa kwa barabara. Mtoto hakuwa naye. Akaacha kazi ya serikali, akafunga mizigo, akaja Kitale kutafuta maisha, na Mungu akamleta kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga.

Alikuwa mtu mkavu, nisikudanganye. Kubembeleza hakujua. Mama akishikwa na uchungu akaanza kupiga kelele kabla ya wakati, Phelista alikuwa anamwangalia tu na kumwambia, "Weka hiyo sauti, utaihitaji baadaye." Akiingia kwa nyumba ya mtu, kwanza anaomba chai, anakunywa mpaka tone la mwisho, halafu anamtuma mwenye nyumba aende atafute maji hata kama mitungi imejaa. Alisema mwanaume aliyekaa bure wakati wa uchungu anaambukiza woga. Lakini akishashika mama, hamwachi. Atakaa chini kwa kirago pembeni ya kitanda, mkono kwa mgongo wa yule mama, kutwa nzima akitakiwa. Ndiyo maana walimpenda, wale wanafiki.

Shida ilikuwa moja. Wenye kazi za mshahara, walimu na watu wa kampuni za mbegu, walikuwa na bima, na bima ilikuwa inajua hospitali peke yake. Ukizaa kwa kitanda cha hospitali, umezaa. Ukizaa kwako, hata kama mkunga ana vyeti vya kujaza ukuta, kwa bima hujazaa, umejichezea tu. Phelista alichukia jambo hilo kutoka tumboni. Akaandikia kampuni moja ya bima ya Nairobi, akawapigia, akawafuata kwenye semina zao, akawasimamisha kwa korido. Walimchoka. Mwaka ule uliofuata kura ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, wakakubali kujaribu. Wakaleta kadi ya kijani. Mwanamke mwenye kadi, ambaye mimba yake haina shida, anaruhusiwa kuzalia nyumbani kwa mkono wa mkunga aliyekubaliwa, na mambo yakiharibika kampuni inatuma ambulensi. Upande wa Kitale mkunga aliyekubaliwa alikuwa mmoja tu. Siku waliyompa ile beji ya kubandika kifuani alirudi, akafunga mlango, nikamsikia kwa ukuta analia. Nilimwacha alie. Mtu asiye na shamba, asiye na mtoto, asiye na boma la kurudi, alikuwa amepata kitu ambacho shemeji hawawezi kumwaga kwa barabara. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa mali yake yote, na alikuwa anajua.

Sasa Wepukhulu. Wepukhulu alikuwa mtunza stoo kwa kampuni ya mbegu, mtu mpole, mwenye kucheka na kila mtu, Mbukusu wa Bokoli huko karibu na Webuye. Mke wake Jeruto alikuwa Msabaot wa Kapsokwony, mrefu, mweusi, mcheshi, anayeongea Kibukusu kwa kukivunjavunja mpaka unashika mbavu. Walikuwa wamepanga nyumba ya mabati mstari wa nyuma yetu. Mtoto wao wa kwanza Jeruto alimzalia hospitali, akachapwa mapaja na nesi mdogo kwake kwa umri na akaambiwa wakati wa kufurahia hakupiga kelele hivyo. Mimba ya pili ilipoingia akaapa hatarudi huko. Wepukhulu alikuwa na kadi ya kijani. Wakaja kwa Phelista.

Kampuni ya bima ilikuwa na utaratibu wake. Mimba ikikomaa, msichana fulani wa Nairobi anampigia mwenye kadi na kumuuliza maswali, na majibu anayaingiza kwa kompyuta. Alimpigia Wepukhulu siku moja amekaa kwa benchi yangu akingoja nimpimie mahindi. Nikamsikia mwenyewe akijibu, amenyoosha mgongo kama anayeongea na waziri.

"Ndiyo, dada, atazalia nyumbani. Nyumbani ni Bokoli. Ukitoka Webuye, unauliza Bokoli, kila mtu anajua. Unapita posho mill, unapita shule ya msingi, unaona miti ya mikaratusi, boma la tatu mkono wa kulia. Ndiyo. Asante sana, dada."

Akafunga simu, akacheka. "Huyu msichana ni mpole kweli," akaniambia. "Nimemwelekeza mpaka kwa mlango wa baba."

Nami nikampimia mahindi yake, tukaongea mambo mengine. Wewe unayesoma hii umekaa kwa kiti chako unashangaa, lakini pale kwa benchi hakuna Mbukusu angeshangaa. Kwetu sisi, mahali unapolipia kodi ni kwa nyumba. Nyumbani ni kule baba yako alikolazwa na wewe utakuja kulazwa kando yake. Mtu anaweza kukaa Tuwan mpaka mvi zimwote kichwani, ukimuuliza nyumbani ni wapi atakutajia kijiji, na ukimwambia nyumbani kwake ni Tuwan atakuona umemtukana. Wepukhulu aliulizwa nyumbani ni wapi, akasema nyumbani ni wapi. Hakudanganya hata neno moja.

Jeruto alishikwa na uchungu mchana, tumetoka kula. Phelista akaingia, akanywa chai yake, akamtuma Wepukhulu maji. Mimi niliitwa kushika miguu kwa sababu Jeruto alinitaka, alisema nina mikono mizito ambayo haitetemeki. Mtoto akatoka vizuri, mvulana, akalia bila kulazimishwa. Kondo likatoka. Phelista akaliangalia, akaliweka kwa beseni. Jeruto akauliza kama mtoto ana masikio ya Kibukusu, tukacheka.

Halafu damu ikaanza.

Siwezi kueleza damu ile na sitajaribu. Phelista alimdunga sindano ya kukaza tumbo la uzazi, akamwekea dripu, akaanza kumkanda tumbo kwa mkono wote, akikanda kweli, jasho likimtiririka. Tumbo lilikaza kidogo, likalegea. Akaniambia nichukue simu yake, nibonyeze ile namba ya kampuni, nimshikie kwa sikio maana mikono yake ilikuwa na kazi. Kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Ni Sista Phelista wa Kitale. Nina mama wa kadi, jina Jeruto, mume Wepukhulu. Amejifungua, anavuja damu, haisimami. Niko naye nyumbani kwake. Leteni gari sasa hivi."

"Uko naye nyumbani kwake, Sista?"

"Nyumbani kwake."

"Sawa. Nimepaona nyumbani kwake hapa kwa kompyuta. Gari linatoka Kitale sasa hivi, usimsogeze."

Na lilitoka. Lile gari lilikuwa linalala pale karibu na posta, kutoka posta mpaka Tuwan hata mlevi anafika kwa miguu. Ndiyo maana tulingoja. Wepukhulu alisema aende barabarani atafute pikapu, Phelista akamwambia, "Ngoja, gari liko njiani, mama huyu anataka kulala chali na hewa ya kupumua, si kutikiswa." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo walivyomfundisha, na kwa sababu gari lilikuwa hapo tu. Tukangoja. Kila muungurumo wa lori Wepukhulu anatoka mbio, anarudi anatingisha kichwa. Jeruto alianza kuuliza mbona tumezima taa. Jua lilikuwa linawaka kwa dirisha.

Phelista akaniambia nibonyeze tena.

"Gari liko wapi?"

"Limeshafika, Sista. Dereva anasema yuko kwa mikaratusi, anauliza boma ni la mkono gani. Tokeni nje mmpungie."

Mkono wa Phelista haukuacha kukanda. Lakini uso wake niliuona. Hakuna mtu anayetafuta boma Tuwan. Hakuna mikaratusi. Akasema polepole, "Bokoli. Wameenda Bokoli."

Wepukhulu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Akatuangalia, mmoja mmoja, hajaelewa bado. Akasema, "Si ndiyo nyumbani?"

Kiplimo, yule wa kuleta kabichi kutoka mlimani, alikuwa anashusha mzigo kwa soko la juu. Nilikimbia nikamshika shati. Tukatupa kabichi chini zote, akarudisha pikapu nyuma mpaka mlangoni, tukampandisha Jeruto na godoro lake. Phelista alipanda nyuma, amepiga magoti, ngumi yake imekandamiza tumbo, dripu ameishika Wepukhulu. Jeruto akauliza kwa Kiswahili, sauti imekuwa ndogo, "Gari imefika?"

"Imefika," Phelista akamwambia.

Jeruto alikata roho kabla ya geti la hospitali. Phelista alijua, maana alikuwa ameshika, lakini hakuacha kukandamiza mpaka manesi walipokuja wakamtoa mkono kwa nguvu. Mtoto alikuwa kwangu, nimemfunga kwa leso yangu, amelala zake.

Walimzika Bokoli. Phelista akasema ataenda. Nikamwambia asiende, akaenda, nikaenda naye maana sikuweza kumwacha peke yake. Hata kuketi hatukuketi. Nakhungu, mama yake Wepukhulu, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele yetu watu wote wakiangalia.

"Wewe mwanamke," akasema, "umekula mtu wetu huko mjini, sasa umekuja kuramba sahani? Kwenu walikufukuza, nasi tunakufukuza."

Phelista akamwamkia kwa heshima, "Kukhu, poleni," kama anavyoamkiwa nyanya yeyote huko kwetu, akageuka. Wepukhulu alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amekaa na wajomba zake. Aliinamisha kichwa akawa anachora chini na kijiti. Nilimwangalia ili anione namwangalia. Hakuinua macho, yule mpole.

Kampuni nayo ikaogopea jina lake. Wakaita kikao Bungoma, kwa ukumbi wa hoteli, wachunguze kwa nini mama wa kadi amekufa. Kila mtu alijua kikao ni cha nini. Kama kosa ni la mawasiliano, Phelista anabaki na kazi yake. Kama kosa ni la mkunga, anatolewa, na jina lake linapelekwa kwa wenye kutoa leseni. Nilimfulia sare yake, nikaipiga pasi mwenyewe. Njiani alikuwa ananiambia haogopi. Alisema, "Wepukhulu alikuwa pale. Aliona. Atasema tu tulikuwa kwake, na yeye ndiye alitaja Bokoli. Ni kusema tu, Nabwile." Aliamini hivyo. Mtu aliyemwaga machozi kwa bega lake usiku ule wa hospitali, angeshindwaje kusema?

Tulipoingia nikaelewa kwa nini angeshindwa. Hakuja peke yake. Nakhungu alikuwepo, na mjomba mkubwa Mukhisa, na kaka zake wawili, wamepanga mstari na kofia zao kwa magoti. Na Bokoli yote ilikuwa inajua kwamba mwaka huo ndugu hao walikuwa wanagawa shamba la baba yao. Mukhisa ndiye alikuwa anashika kamba ya kupimia. Alikuwa ameshasema kwenye kikao cha ukoo, na ilifika mpaka Tuwan, kwamba mtu ambaye ameshajipatia nyumbani mjini hana haja ya kusumbua wenzake kwa ardhi.

Mwenye kikao alikuwa meneja kutoka Nairobi, mama mmoja mwenye miwani na Kiswahili kizuri, mwenye adabu. Kando yake daktari. Akamwita Wepukhulu, akampa pole kwa moyo, akamuuliza, "Bwana Wepukhulu, nyumbani kwako ni wapi?"

Mukhisa alikohoa kidogo tu, kikohozi cha kusafisha koo.

"Nyumbani kwangu ni Bokoli," Wepukhulu akasema.

"Hapo Tuwan ni wapi?"

"Ni kwa nyumba tu. Ni mahali pa kulala nikiwa kazini."

"Kwa hiyo siku hiyo mke wako hakuwa nyumbani."

Angeweza kusema maneno matatu tu, tulikuwa tunakaa hapo. Angeweza kusema kwamba yule msichana alimuuliza nyumbani, hakumuuliza mke wako atalala wapi. Mama yake alikuwa nyuma yake, amemshikilia yule mtoto.

"Hapana," akasema. "Mke wangu hakuwa nyumbani."

Nikasimama. Nikasema, "Wewe Wepukhulu, Mungu anakuona. Si ulikuwa kwa benchi yangu?" Daktari akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni jirani, ndiye nilishika simu. Akauliza kazi yangu. Nikasema nauza mahindi. Akasema kwa upole nitapewa nafasi baadaye, nikae. Hiyo baadaye bado naingoja.

Wakamwita Phelista. Meneja akamuuliza, "Sista, wewe ni mtu wa huku. Ulipomwambia ofisa wetu uko nyumbani kwake, ulijua nyumbani kwake ni Bokoli?"

Mtu mwingine angedanganya. Mimi ningedanganya mpaka mate yakauke.

"Nilijua," akasema Phelista.

"Basi kwa nini ulisema nyumbani?"

"Kwa sababu kazi yenyewe inaitwa hivyo. Nyinyi mlitufundisha hivyo. Mama anazalia nyumbani. Mama alikuwa ndani ya nyumba yake, kwa kitanda chake, sufuria zake ziko pale. Mnataka niite nini?"

Meneja akavua miwani, akaifuta. Sidhani alikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linanichoma zaidi. Akauliza tu, kama anayetaka kuelewa, "Na wewe mwenyewe, Sista, nyumbani kwako ni wapi?"

"Tuwan," akasema.

Wazee walicheka. Mukhisa ndiye alianza, halafu kaka wawili, halafu na Nakhungu akaficha mdomo kwa kitambaa cha mtoto. Haikuwa kelele, ilikuwa kicheko kile cha chini chini cha watu waliosikia mtu mzima amesema ujinga. Hata Wepukhulu alitabasamu, nilimwona, akajiwahi. Mwanamke wa Kibukusu anasimama mbele ya watu anasema nyumbani kwake ni chumba cha kupanga Tuwan. Phelista alisimama pale na sare yake niliyoipiga pasi, beji kifuani, akangoja wamalize.

Walisoma uamuzi baada ya chai. Mkunga alimzalisha mwanachama mahali ambapo si nyumbani kwake, kinyume cha masharti. Gari lilitumwa mahali sahihi kwa wakati. Mkunga anaondolewa kwenye orodha, na hadi wenye leseni waamue, asimguse mama yeyote, mwenye kadi wala asiye na kadi. Daktari akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kumpa mkono wa pole. Alikuwa anataka beji.

Wenye leseni hawajaamua mpaka leo. Amewapigia, anaambiwa faili liko njiani.

Wepukhulu alipata sehemu yake ya shamba, ile ya chini karibu na mto, nzuri. Kampuni nayo ilijifunza. Siku hizi yule msichana wa Nairobi anauliza, "Mama anakaa wapi kwa sasa?" Nimesikia wanasifiwa sana kwa hilo.

Phelista alibaki kwa chumba chake. Alianza kunisaidia kuchambua mahindi, na akichambua, anachambua kama dawa, punje moja moja, nikimkemea anaendelea tu. Wale akina mama waliokuwa wanamletea ndizi wakawa wanazungukia njia ya choo wasipite mlangoni pake. Wengine walimpita wamebeba watoto aliowazalisha, na mtoto anapunga mkono, na mama anaushusha huo mkono. Nilikuwa nawatukana hadharani. Alinikataza. "Wana haki ya kuogopa," alisema. Haki gani hiyo, mavi.

Halafu ikaja siku ya Linah.

Linah alikuwa msichana aliyeolewa juzi, nyumba ya mwisho kwa ploti yetu, mume wake turnboy, msaidizi wa dereva, wa lori la kwenda Lodwar. Asubuhi moja mvua inanyesha ya kupasua mabati, nikamwona anakuja amejishika ukuta, maji yameshamwagika miguuni, anapita mlango wangu, anagonga kwa Phelista. Mlango ukafunguka kidogo.

"Sista, imefika," Linah akasema. "Imefika vibaya."

"Mkunga alihama," Phelista akajibu.

Yule msichana alimwangalia usoni. "Si ni wewe?"

"Alihama," akasema tena, na mlango ukafungwa. Nikasikia komeo.

Nikamtukana kupitia ukuta, matusi ambayo nikiyakumbuka nacheka na kulia. Nikamwingiza Linah kwangu, kati ya magunia, nikatandika leso. Mvua ile hakuna gari lingeingia Tuwan, na simu kwa hospitali inalia tu. Nilikuwa nimeshika miguu ya wanawake, lakini kushika miguu si kuzalisha. Nikapiga ukuta kwa ngumi. "Phelista, kichwa kinaonekana, nifanye nini?" Nikapiga tena. "Phelista, amechoka, asukume au asisukume?" Kimya. Ukuta wetu ni wa mbao na gazeti. Ukikuna upande huu mwenzako anawashwa. Alikuwa anasikia kila pumzi.

Mtoto alitoka kwa rehema ya Mungu tu, msichana, nikamdaka kwa mikono yangu ya mahindi. Akalia. Nikafunga kitovu kwa uzi wa kushonea magunia niliouchemsha kwa sufuria, na kondo likafuata likaanguka kwa beseni. Nikamfunika Linah, nikamwekea mtoto kifuani, nikatoka nikiwa nimechukua beseni, nikaupiga mlango wa Phelista teke. Komeo likakatika.

Alikuwa ameketi chini, nyuma ya mlango kabisa, pale pale. Amevaa glavu, mikono yote miwili, ameinyoosha mbele yake isiguse kitu, kama wakunga wanavyoizuia isichafuke. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu lini. Sare alikuwa nayo. Macho mekundu.

Sikumtukana tena. Nikamwambia, "Ni msichana. Amelia."

"Kondo limetoka lote?"

Nikasogeza beseni lile mbele yake, nikaliweka karibu na magoti. Akageuza uso haraka kuelekea ukutani.

"Usinionyeshe. Liangalie wewe. Kuna kipande kimebaki ndani au hakuna?"

"Phelista, mimi sijui kuliangalia. Naona damu tu."

"Liangalie tena," akasema, uso bado uko ukutani. "Mimi siruhusiwi."